Sauti za Kituo cha Malori

Nilianza kufundisha Makambako nikiwa na miaka ishirini na miwili, mwanamke pekee katika shule ya walimu watatu. Ilikuwa shule ya misheni, vyumba viwili vya matofali mabichi na paa la nyasi, juu kidogo ya mahali ambapo barabara ya Songea inakutana na ile iendayo Iringa na Mbeya. Mimi ni mtu wa Lupembe, jirani na Matembwe, nilikulia kwenye misitu na mvua. Upepo wa Makambako ulinishinda. Ulikuwa hauvumi ukapumzika kama upepo wa kwetu. Ulianza asubuhi na kuendelea hadi jioni bila kupungua, hata siku ulipokatika ghafla watoto wote waliinua vichwa kutoka kwenye vibao vyao wakatazamana, kana kwamba kuna mtu aliyeingia.

Kila Ijumaa baada ya hesabu niliwapa watoto wa darasa la tatu muda ambao haukuwa kwenye ratiba. Mwalimu mkuu aliuita muda wa uvivu. Kila mtoto alitakiwa asimame mbele aonyeshe jambo moja analoliweza, lolote, mradi asiwe amelijifunza shuleni. Nilifanya hivyo kwa sababu yangu mwenyewe. Niliingia ualimu kwa kuwa mwandiko wangu ulikuwa mzuri, na mchungaji wetu akaamua kwamba mwenye mwandiko mzuri afundishe. Hakuna aliyeniuliza napenda nini. Hadi leo sijui ningejibu nini.

Basi watoto walionyesha. Mmoja aliweza kutazama kinyesi cha ng'ombe na kukwambia mifugo ilipita saa ngapi. Mwingine alipasua mwanzi kwa kisu kidogo, nyuzi zikatoka nyembamba kama utambi wa taa. Walipomaliza karibu wote, akabaki msichana mmoja wa miaka kumi na miwili hivi, aliyekaa nyuma karibu na ukuta. Katika miezi minne sikuwa nimemsikia akisema neno. Nikimuuliza swali, aliandika jibu kwenye kibao akakiinua. Mama yake alikuwa akiuza togwa na viazi vya kuchemsha kituoni, pale malori yaliposimama.

"Na wewe unaweza nini?" nilimuuliza.

Akasimama. Akajibu kwa sauti iliyofanana sana na ya jirani yake wa dawatini, "Naweza watu."

Watoto wakacheka. Akaja mbele, akaweka mikono nyuma, akakohoa. Kilikuwa kikohozi cha mwalimu mkuu, na mtoto wa kwanza mlangoni akaruka akasimama wima akidhani amefika. Kisha akawa lori la Songea likibadilisha gia mlimani. Kisha akawa mwanamke wa Kikinga akimgombeza mtoto, kwa Kikinga safi. Darasa lilikuwa limelala kwa kicheko.

Halafu akafumba macho na taya lake likabadilika.

"Mw-mwambieni mama asimpe mtu jembe langu," alisema kwa Kibena. "Nikirudi nitalima kule bo-bondeni." Akacheka, kicheko kinachoanzia puani.

Ilikuwa sauti ya mwanamume wa miaka kumi na minane. Ilikuwa sauti ya kaka yangu.

Kaka yangu alikuwa ameondoka miaka saba kabla ya siku ile kwenda kwenye mashamba ya mkonge kule Tanga, manamba kama walivyokuwa wakiitwa vijana waliochukuliwa kwa malori kwenda kufanya kazi kwa mkataba. Mkataba wake uliisha, wenzake waliopelekwa mashamba mengine wakarudi, yeye hakurudi wala hakuandika. Mama yetu aliliegemeza jembe lake nyuma ya mlango na kila mwaka kabla ya mvua alilipaka mafuta.

Niliwaambia watoto waende nyumbani. Yule msichana nikamzuia.

"Umeisikia wapi sauti hiyo?"

"Kituoni." Sasa alisema kwa sauti ya mama yake. "Nilikuwa mdogo, nakaa chini ya meza ya mama. Alikuwa amevaa koti lisilo na mkono mmoja."

Koti lile lilikuwa la marehemu baba yetu. Mkono wa koti ulikatwa kwa sababu ulikuwa umeungua.

Hapa sina budi kusema ukweli juu yangu. Tangu siku ile nilimwita nyumbani kwangu kila baada ya masomo. Nilimwambia mwalimu mkuu, na nilijiambia mwenyewe, kwamba nakuza kipaji cha mtoto. Nilimkalisha kwenye kigoda, nikakaa mbele yake, nikamwambia, "Sema." Naye alisema. Jembe, bondeni, kicheko. Nilimwambia arudie. Hakukataa hata mara moja. Alifanya kama mtoto aliyetumwa maji, akimaliza huuliza kwa macho kama aende tena. Sikujali kwamba alikuwa akikonda.

Habari zikatembea. Alasiri moja ya ukungu nilitoka darasani nikakuta nyuma ya shule wanawake kumi au zaidi wameketi kwenye majani, kimya, wamejitanda kaniki hadi vichwani. Sikuwa nimesikia hata hatua zao. Wote walikuwa wake au mama wa manamba. Walitaka wamsikie mtoto.

Ningeweza kuwafukuza. Nilimwita mtoto.

Kila mmoja alimweleza mtu wake: alipita msimu gani, alivaa nini, alikuwa na kilema gani. Mtoto alifumba macho. Kwa wengi alitikisa kichwa. Kwa wengine alifungua kinywa, na kwenye ukungu ule, ambamo usingeweza kuona ukuta wa shule hatua kumi mbele, ikatoka sauti ya mwanamume akiomba maji, ya mwingine akiimba kidogo, ya mwingine akiuliza kama lori litapita Iringa. Hayakuwa maneno ya maana yoyote. Wanawake waliyapokea kwa mikono miwili mdomoni.

Kisha mwanamke mmoja kijana alimtaja mumewe, na mtoto akatoa sauti nzito yenye mzaha: "Yule? Mwambieni aolewe na mwingine. Mimi huku ndiyo nimekwenda."

Mwanamke aliinuka akampiga kofi, akapiga ukelele. Mtoto hakulia. Alimtazama, halafu akapiga ukelele uleule, kwa sauti ileile ya yule mwanamke, urefu uleule, na mwishoni ukakatika palepale. Wanawake wakatawanyika. Kwa muda mfupi walikuwa wamemezwa na ukungu kana kwamba hawakuwahi kuwepo, na kulibaki majani yaliyolala.

Jumatatu mwalimu mkuu aliniita. "Wazee wa kanisa wanasema ni pepo. Watamwombea. Darasani asirudi mpaka wao waseme."

Jioni hiyo, jua likiwa bado halijazama, mama wa mtoto alikuja kwangu. Alikataa kukaa.

"Mwalimu, nimekuja nikuulize. Mwanangu umemfanya nini?"

"Sijamfanya kitu, mama. Nilitaka watu wajue anachoweza."

"Mimi nilikuwa najua. Nilimkataza. Tangu aanze kusema, nyumbani hana sauti. Akiniita, ananiita kwa sauti yangu mwenyewe. Naisikia nyuma yangu, nageuka, nahisi nimejiita." Alishika fremu ya mlango. "Alikuwa ameacha. Alikaa kimya miaka mitatu, nikashukuru. Wewe umemfungua. Sasa mfunge."

Mtoto alikuwa amesimama nje nyuma yake. Nilitoka nikapiga magoti mbele yake kwenye vumbi.

"Niambie kitu kimoja tu," nilisema. "Sauti yako wewe ni ipi?"

Alipofungua kinywa, nilijisikia mwenyewe nikiuliza: "Sauti yako wewe ni ipi?"

Mama yake akamshika mkono wakaondoka.

Shule ilipofungwa nilikwenda kumwomba mama yule aniruhusu nimchukue binti yake kwetu Lupembe, apumzike mbali na kituo na malori. Nilimwambia huko hakuna wapita njia. Hayo yalikuwa kweli. Sikumwambia kwamba nilitaka mama yangu, kabla hajafa, amsikie kaka yangu walau mara moja. Mama wa mtoto alikubali kwa sababu alikuwa amechoka.

Tulipanda lori hadi Njombe, tukalala kwa jamaa zangu Walutheri, kesho yake tukapanda lori la mbao lililokuwa likirudi tupu upande wa Matembwe. Njia nzima mtoto aliziba masikio. Nilidhani ni baridi.

Mama yangu alitupokea vizuri. "Kamwene," alitusalimu kwa Kibena, akampa mtoto uji na blanketi, wala hakushangaa kwamba haongei. Siku ya tatu asubuhi, ukungu ukiwa bado umekaa kwenye migomba, nilimweleza mama yote. Alinisikiliza akimenya viazi. Akafuta mikono.

"Basi aseme."

Mtoto alinitazama. Nikamwashiria kwa kichwa. Alifumba macho, taya likabadilika. Jembe, bondeni, kicheko.

Mama hakulia. Alisogea karibu sana, akakaa mbele ya mtoto magoti yakigusana, akasema kwa Kibena, kwa sauti ya mtu anayezungumza na mtu aliye chumba cha pili, "Uko wapi?"

Mtoto akarudia. Mw-mwambieni mama.

"Hayo nimesikia. Nakuuliza uko wapi, na utarudi lini."

Nilitaka kumwambia mama kwamba mtoto hana mengine, kwamba anarudisha tu alichosikia, kama mlima unavyorudisha ukelele. Kabla sijasema, mtoto alivuta pumzi. Kope zake zilikuwa zimefumbwa na zinacheza.

"Si-sirudi, mama," alisema kaka yangu. "Usi-usiningoje tena."

Kuku walikuwa wakiparua nje. Nakumbuka niliwasikia kwa uwazi wa ajabu. Mama alimwekea mtoto kiganja shavuni, akakiacha hapo kidogo. Kisha akainuka, akalichukua jembe nyuma ya mlango, akatoka nalo kwenye ukungu. Baadaye nilijua alimpelekea mke wa jirani. Siku hiyohiyo alinyoa nywele zake, akatuma watu kuwaita ndugu waje kuomboleza.

Nilimkokota mtoto nyuma ya nyumba. Nilimshika mabega kwa nguvu zaidi kuliko nilivyokusudia.

"Maneno yale uliyasikia lini? Mbona hukuwahi kuniambia?"

"Sikuyasikia."

"Yametoka wapi?"

"Ni mimi. Nilimwona mama yako amechoka kungoja. Nikasema mimi."

"Kwa sauti yake?"

"Sina nyingine," alisema.

Hapo ndipo alipolia. Nilikuwa nimewasikia watoto wote wa darasa lile wakilia, na nilitega sikio kwa woga nimtambue ni nani kati yao. Hakuwa yeyote. Kilikuwa kilio kikavu, kizito kidogo kwa msichana, kinachokwama na kuanza upya. Sikukifahamu. Nilimwacha alie mpaka akamaliza, na kwa mara ya kwanza sikumwomba arudie.

Wakati wa kurudi, Njombe, mguu wa mtoto ulikuwa umechubuliwa na kiatu cha kuazima ukavimba, nikampeleka kwenye zahanati ya misheni. Baraza lilikuwa limejaa. Walikuwepo watu wa Ukinga na Upangwa waliotembea siku kadhaa, na karibu na mlango mzee mmoja kutoka Manda, kule ziwani Nyasa, ameketi ameshika kifua. Sista, Mzungu mwenye Kiswahili cha kukatakata, alikuwa amempa dawa ya tumbo, na mzee alikuwa akitikisa kichwa na kusema kwa lugha yake bila kueleweka na mtu.

Mtoto alinivuta nguo. "Si tumbo," alininong'oneza kwa sauti yangu. "Ni mwiba wa samaki. Yuko nao siku kadhaa."

Nilimwambia Sista. Akaja akamtazama mtoto kuanzia miguuni.

"Unajua lugha yake?"

Mtoto akaitika kwa kichwa. Watu wa ziwani nao walipita kituoni.

"Muulize umekwama wapi."

Akamuuliza. Mzee akajibu kwa maneno mengi, akionyesha kooni kwa kidole. Mtoto akamgeukia Sista, akafumba macho, na ikatoka sauti ya mzee yule, kwa Kimanda, na mtetemo wake wote. Watu barazani wakasogea nyuma. Mwanamke mmoja akaanza kusali.

Sista hakusogea. Labda kwa kuwa hakuwa amezoea sauti za watu wetu, hakuona ajabu yoyote. Alikasirika tu.

"Huyu nimeshamsikia. Simwelewi. Mimi nataka wewe uniambie."

Mtoto akafungua kinywa. Sauti ya mzee ikaanza tena, akaikata. Akaanza kwa sauti yangu, Kiswahili, akaikata pia. Niliona jasho juu ya mdomo wake, licha ya baridi ile ya Njombe. Sista alingoja na koleo lake mkononi. Mzee alingoja. Kisha ikatoka sauti ndogo, ya mikwaruzo, nzito kidogo kwa msichana.

"Anasema umekwama hapa chini, upande wa kushoto. Anasema akimeza mate unachoma. Anaogopa chuma."

"Mwambie afumbe macho," alisema Sista.

Mwiba ulitoka. Baadaye, mguu ulipokuwa ukifungwa, Sista alimuuliza kama anaweza kukaa pale, asome shule ya wasichana ya misheni na mchana aje kumsaidia barazani. "Lakini utasema walichosema wao tu. Usiongeze hata neno. Unaweza?"

Mtoto alinitazama mimi kwanza, na najua alikuwa akifikiria maneno aliyoyaongeza kule nyumbani kwetu. "Naweza," alisema, kwa ile sauti ya mikwaruzo.

Mama yake alikuja kutoka Makambako kumwona kabla hajakubali. Binti alitoka ndani akasema, "Shikamoo, mama." Mama yule aligeuka akatazama nyuma yake kuona ni nani mwingine aliyeingia. Alipoelewa, alikaa chini palepale kwenye ngazi.

Nilirudi shuleni kwangu. Ijumaa zangu niliziendeleza, ila nilibadilisha swali. Sikuuliza tena unaweza nini mpaka niwe nimemuuliza mtoto anapenda nini, na kama anataka watu wajue.

Ilipita miaka miwili, akaja mtu kunitafuta shuleni, mwanamume aliyekatwa vidole viwili, akitokea Tanga kwa miguu na malori. Alikuwa amefanya kazi na kaka yangu. Aliniambia kaka alikufa kwa homa katika mwaka wake wa kwanza kule, wakamzika pembeni mwa shamba, na kwamba barua iliyoandikwa lazima ilipotea. Nikamuuliza kama alisema chochote mwishoni.

"Alikuwa anapotea na kurudi," alisema. "Alikuwa na kigugumizi, sasa homa ikakizidisha. Lakini hilo moja alilirudia sana, kwa hiyo nalikumbuka. Alisema, mkimwona mama, mwambieni asiningoje tena."

Nilimpa chakula. Upepo ulikuwa umekatika, na watoto walikuwa wameinua vichwa.

Mwezi uliofuata nilikwenda Njombe nikiwa na nia ya kumwambia. Nilimkuta barazani amevaa gauni jeupe lililomzidi, amepata mwili, amesimama kati ya mama mmoja wa Kipangwa na Sista, akigeukia huku na huku. Alikuwa anasema upesi na kwa utulivu, na sauti ilikuwa moja tu. Niliketi kwenye benchi pamoja na wagonjwa nikamsikiliza karibu saa nzima. Alipopata nafasi alikuja kukaa nami. Aliniambia anataka kusomea uuguzi, na kwamba Sista ameshaandika barua. Alinieleza mambo mengi. Alikuwa amegeuka kuwa msemaji.

Kisha akanigeukia. "Mwalimu, nilitaka kukuuliza siku nyingi. Kaka yako, mmewahi kupata habari zake?"

Mgonjwa mmoja alikuwa akikohoa. Nilitazama mikono ya msichana, iliyokuwa imetulia magotini pake.

"Hatujapata," nilisema.

"Kwa hiyo yale maneno yalikuwa yangu."

"Yalikuwa yako."

Alishusha pumzi, akatabasamu kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni. Kutoka ndani Sista alimwita. Aliinuka akanyoosha gauni, akaenda mlangoni, na kwa sauti yake ile ya mikwaruzo akamwita mgonjwa aliyefuata aingie.

Mama yangu sikumwambia habari za yule mtu kutoka Tanga, kwa kuwa alikuwa ameshaomboleza. Nimefundisha watoto wengi baadaye, na wengi wao wakiniona huniamkia kwa furaha. Lile neno la mwisho la kaka yangu sijamwambia yeyote, na nikiwa peke yangu nyumbani, mchana kweupe, bado najiuliza kama nilimtendea msichana yule haki au la.